Kidonge Hakikuambiwa

Jirani yangu, nitakayemwita Mwalimu kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na mtaa mzima, alianguka na baiskeli Jumamosi moja ya Julai, saa tatu asubuhi, kwenye mteremko wa kutoka Likia kurudi Njoro. Vijana wa boda ndio waliomfikia kwanza. Walimkuta ameketi kando ya lami, magoti yanavuja damu, shati limelowa jasho katika baridi ile ya Mau inayowafanya wao wavae makoti mawili. Alikuwa akisema, lakini maneno hayakushikana. Walipomuuliza anatoka wapi, aliwaamuru wafungue vitabu. Kijana mmoja akainama, akamnusa mdomo, akawageukia wenzake: "Mzee amelewa. Na asubuhi yote hii!"

Hakuwa amelewa. Pombe aliiacha Februari. Tangu saa kumi na moja jioni ya Ijumaa hakuwa ametia kinywani chochote ila maji na dawa zake. Kisa hiki nakisimulia kwa idhini yake. Alinipa masharti mawili: nisitaje jina lake, wala nisimpunguzie makosa. Hilo la pili alilirudia.

Mwalimu ana miaka 52. Akiwa kijana alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na kila asubuhi alitembea kilomita nne kwenda shuleni, jioni nne kurudi. Kisha, mwaka 2008, serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na miaka michache baadaye boda ikawa inamngoja mlangoni. Ile kazi ya kubeba watu kwa baiskeli, iliyoanzia mpakani Busia ikasambaa, ikafifia tukiiona. Zile baiskeli za black mamba wakabaki nazo wauza maziwa na wabeba makaa. Miguu ya watu wa rika letu ikastaafu kabla ya wenyewe.

Lakini miguu ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Mimi na Mwalimu tulilelewa katika nyumba ambazo chapati ilikuwa ya Krismasi. Unga wa ngano uliingia nyumbani kwa heshima kama mgeni, na mtoto aliyepata chapati mbili nzima alikuwa na la kusimulia hadi Pasaka. Na fikiria kwamba ngano yenyewe ilikuwa imetuzunguka. Njoro ndipo Delamere alipohangaika na ngano mwanzoni mwa karne iliyopita, kutu ikaila, akapanda tena. Hapa ndipo kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kilipoanzishwa mwaka 1927, na mpaka leo ngano za nchi nyingi huletwa hapa kupimwa kama zitastahimili kutu ya shina, ile iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kuitwa Ug99. Tulikuwa tukiiona ngano dirishani, mezani hatuioni. Siku hizi chapati iko kila kona: asubuhi na chai, mchana na maharagwe, jioni imekunjiwa yai au smoki. Krismasi imekuwa ya kila siku na hakuna aliyetutangazia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya robo ya Wakenya wazima wana uzito uliozidi. Nikiwatazama wanaume wa rika langu wakishuka kwenye matatu pale stage ya Njoro, mmoja mmoja, tumbo likitangulia, naona robo ni hesabu ya upole.

Mwanzoni mwa mwaka ule Mwalimu aliambiwa kwamba wakwe watakuja Desemba kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yake. Akatoa suti kabatini. Suruali ilifika kiunoni ikakataa kufunga, akawa anazungumza na kifungo kana kwamba ni mwanafunzi mtoro. Mkewe alichukua tepu ya kushonea akampima: sentimita 112. Kwa mwanamume wa huku kwetu madaktari huanza kuwa na wasiwasi ikipita 94. Mizani ya duka la dawa ikasema kilo 98. Siku hiyohiyo akaapa kuacha pombe, na juma lililofuata akashuka Nakuru akarudi na baiskeli ya mtumba, ya gia, imefungwa juu ya matatu.

Nilimpenda sana Mwalimu wa miezi ile mitatu ya kwanza. Alitoka alfajiri na ukungu, kofia ngumu kichwani, akapita mashamba ya ngano hadi geti la Chuo Kikuu cha Egerton na kurudi. Alipozoea akawa anashuka hadi njia panda ya barabara kuu ya Nakuru, kisha kupanda tena, na huko kupanda ndiko kunakomjua mwanamume, maana Njoro iko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari na kifua cha mtu mnene huko hakina pa kujificha. Watoto walimpigia kelele wakimwita Froome. Aliwasahihisha kila mara kwamba Chris Froome alizaliwa Nairobi na akafunzwa na David Kinjah huko Kikuyu kabla ya kushinda Tour de France mara nne, kwa hiyo wakitaka kumtania wamwite Kinjah, kwa sababu bila mwalimu hakuna bingwa. Mwalimu ni mwalimu tu.

Mwisho wa Mei akapanda mizani. Kilo 97.

Alikuja kwangu jioni ile hana la kusema. Mimi, ambaye kilo zangu sitazitaja hapa, nilimwomba anisimulie Jumamosi yake yote, si baiskeli peke yake. Ikatoka hivi: akimaliza safari yake hupita kwenye kibanda cha Mama Chai, pale pale karibu na stage, "kujirudishia nguvu." Chapati mbili, sahani ya maharagwe yanayong'aa mafuta, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na siku za jua kali soda ya nusu lita. Tukafanya hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Kilomita 20 za baiskeli, kwa mtu wa uzito wake na mwendo wake, zinachoma kilokalori 450 hivi, tuseme 500. Chapati moja ya kibanda haikosi 250. Soda ile ni 210. Tulipofika kwenye maharagwe tulikuwa tumeshapita 700. Kila Jumamosi alikuwa anarudi nyumbani na faida, nayo faida yenyewe inakaa kiunoni.

Na hata asingekula kibandani, baiskeli peke yake isingemfikisha mbali kama alivyodhani. Si lazima twende Ulaya kutafuta ushahidi. Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadza, wanaowinda na kuchimba mizizi mpaka leo. Wanaume wao hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima nguvu wanayotumia kwa siku nzima. Kila mtu alitarajia ipite mbali ile ya Mmarekani anayekaa ofisini. Ukizingatia ukubwa wa mwili, haikupita. Mwili una mhasibu wake, tena mbahili: ukitumia nyingi miguuni, baada ya muda anakata kwingine kimyakimya ili bajeti isivuke. Mhadza ni mwembamba, lakini wembamba wake unaeleweka zaidi ukitazama anachokula kuliko anakotembea.

Pontzer huyohuyo alikuwa miongoni mwa watafiti waliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 katika nchi 29, tangu watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95, na wakachapisha mwaka 2021 kwamba moto wa mwili, ukizingatia ukubwa na misuli ya mtu, haupungui kati ya miaka 20 na 60. Nilipomweleza hayo Mwalimu alikasirika kama niliyemnyang'anya kitu. Alikuwa na kisingizio cha umri, nacho kilimfaa. Uzito wa makamo ni sugu, sikatai, lakini usugu wake uko katika kiti, usingizi mfupi, misuli tuliyoiacha ikanyauka, na sahani iliyobaki ya kijana wa miaka 25 anayelima.

Sasa, mtu akiambiwa kwamba tatizo ni sahani, ana njia mbili. Anaweza kuipunguza sahani. Au anaweza kuitupa. Mwalimu, ambaye Desemba ilikuwa inamkimbilia, aliitupa.

Alikuwa ameona kwenye simu video ya kijana mmoja mwenye kifua kama mlango, akifundisha watu kula mlo mmoja kwa siku na kutogusa ugali, wali, chapati wala waru. Mlo wake ukawa saa kumi na moja jioni: sukuma wiki au managu, mayai mawili au kipande cha nyama. Basi. Juni ikaisha akiwa na kilo 91. Kilo sita katika majuma matano! Walimu wenzake wakamzunguka wakati wa mapumziko. "Umekonda, siri ni gani?" Naye akajibu, "Baiskeli tu."

Hapo ndipo kisa kinapoanza hasa, kwa sababu hilo "tu" lilikuwa na uongo ndani yake.

Mwalimu ana kisukari. Aligunduliwa miaka minne kabla ya hayo, aina ya 2, na akaandikiwa dawa mbili za kumeza: metformini, na nyingine inayoitwa glibenklamaidi. Mkewe alijua. Mimi sikujua, na tunagawana ua mmoja. Dawa alizihamishia kwenye kichupa cha vitamini ili zisitambulike mezani shuleni. Nimemuuliza kwa nini, akanijibu kwa swali: mtu akikonda hapa kwetu husemwa nini? Nami nikanyamaza, maana sisi tulikuwa vijana miaka ya tisini, tuliona wembamba ukinong'onwa kwenye matanga. Mwili mnene ulikuwa cheti cha afya na cheti cha benki kwa pamoja. Sasa mtu akonde, halafu asikike ana ugonjwa wa kudumu, na wakwe wako njiani? Alitaka sifa za kukonda bila historia ya kukonda.

Kliniki alikuwa ameikosa mara mbili. Foleni yake ni ya siku nzima, akajiambia, na tena anaendelea vizuri, suruali inashuhudia. Kipima sukari kilikuwa nyumbani lakini vile vijiti vyake ni ghali, kwa hiyo alijidunga mara moja moja, na alipoona namba imeshuka alifurahi kama aliyeona matokeo ya mtihani.

Glibenklamaidi ni dawa nzuri na ya siku nyingi, ila ina tabia moja ambayo kila anayeimeza anapaswa kuijua kama anavyojua jina lake. Inalibana kongosho litoe insulini. Inalibana uwe umekula au hujala. Hiyo ndiyo sababu humezwa pamoja na chakula: insulini inatoka, inakutana na sukari ya ugali, inaisukuma ndani ya misuli, mambo yanakwenda sawa. Metformini haina ukali huo. Ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari ikapita kiasi. Lakini hii nyingine, ukiitoa sahani halafu ukaiacha yenyewe palepale, itaendelea kusukuma kile kidogo kilichobaki. Ongeza baiskeli ya kupanda mlima, ambapo misuli inachota sukari kwa mkono wake yenyewe bila hata kungoja insulini, na unakuwa na watu watatu wanaoteka kisima kimoja wakati wa kiangazi.

Dalili zilimjia majuma mawili kabla ya kuanguka. Saa tano asubuhi, akiandika ubaoni, mkono ukaanza kutetemeka hadi chaki ikaandika mawimbi. Jasho baridi likamtoka mgongoni. Moyo ukadunda. Akamfokea mtoto mmoja kwa kosa ambalo hata sasa halikumbuki, akaketi, ikapita. Siku nyingine ikaja tena, na nyingine. Kwa kila mara alikuwa na maelezo yaliyomfurahisha: mafuta yanayeyuka. Yule kijana wa video alikuwa amesema mwili ukianza kula akiba yake utatetemeka kidogo. Kijana wa video hana kisukari. Wala hakuwa akizungumza na Mwalimu. Alikuwa akizungumza na simu.

Jumamosi ile aliamka saa kumi na moja na nusu. Akameza dawa zake kwa maji ya uvuguvugu, kwa uaminifu ule ule wa miaka minne. Kwa dawa hakuwahi kuwa mtoro. Akaelekea juu, upande wa Mau Narok. Barabara ile inapita geti la Egerton kisha inaanza kupanda, inapanda, hadi unafika penye baridi nyingine kabisa, mashamba ya waru na karoti, malori yakishuka yamejaa hadi turubai linavimba. Hakukusudia kufika Mau Narok kwenyewe, ni zaidi ya kilomita 30. Alitaka Likia na kurudi. Kupanda kulikwenda vizuri, anasema, aliimba. Likia akageuza.

Kwenye mteremko aliona lami imegawanyika mara mbili. Alijua afunge breki, lakini hakukumbuka breki iko wapi. Anasema hilo ndilo linalomrudia usiku: si kuanguka, bali kutazama mikono yake mwenyewe kama ya mtu mwingine na kujiuliza hivi vyuma ni vya nini. Nyuma yake palikuwa na lori la waru. Dereva aliona baiskeli inayumba akapunguza mwendo. Mwalimu akaacha barabara, akaingia mtaroni, akatupwa kwenye nyasi. Magoti, kiwiko, na jino moja la pembeni. Kwa mteremko ule, ni rehema.

Aliyemwokoa alikuwa mama mmoja aliyepanga waru zake kwenye ndoo kando ya barabara. Vijana wa boda walikuwa wanashauriana wampigie nani simu, wengine wanacheka. Mama akaja, akamshika shavu kwa kiganja, akahisi ile baridi yenye umajimaji, akasema, "Huyu hajalewa. Mamangu alikuwa akifanya hivi. Ana sukari. Leteni soda, si ile ya bila sukari, soda yenyewe!" Kijana mmoja akakimbia dukani. Mama akamuuliza, "Baba, unaweza kumeza? Meza mate nione." Akameza. Ndipo akamshikia chupa, akampa kidogo kidogo. Alijua jambo ambalo watu wengi wenye nia njema hawalijui: mtu aliyezimia kabisa humimini kitu mdomoni, kitaingia mapafuni, huyo analazwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Anayemeza ndiye anayepewa sukari, vijiko vitatu vinne kwenye maji au nusu chupa ya soda, unangoja robo saa, hajapata nafuu unampa tena, kisha chakula cha kukaa tumboni.

Dakika kumi baadaye Mwalimu alimtazama yule mama akamuuliza ametokea wapi. Halafu akaiona chupa. Ilikuwa soda ileile, rangi ileile, ambayo tangu Mei alikuwa akiwahubiria wanafunzi kwamba ni sumu.

Walimpakia kwenye boda, mmoja mbele, mmoja nyuma akimshikilia, baiskeli ikafuata juu ya pikipiki nyingine. Hospitalini sukari yake ilisoma 3.4, chini ya mstari wa 4, na hiyo ni baada ya soda nzima. Akataka kwenda nyumbani. Wakamkatalia. Glibenklamaidi inakaa mwilini muda mrefu, wakamweleza, na aliyeshushwa nayo anaweza kuinuka akacheka na kula, kisha akashuka tena usiku akiwa amelala, na huyo wa usiku ndiye hatari. Wakamlaza, dripu mkononi, wakimdunga kidole kila baada ya saa.

Muuguzi wa zamu, msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake, aliketi kando ya kitanda na faili.

"Mwalimu, chakula chako nani alikibadilisha?"

"Mimi."

"Na dawa, nani alizibadilisha?"

Akanyamaza.

"Basi ulibadilisha ratiba," yule msichana akasema, "lakini kidonge hakikuambiwa."

Nilifika wakati huo na chupa ya uji, nikayasikia hayo mlangoni, na ndipo nilipojua kwamba jirani yangu ana kisukari.

Asije mtu akadhani nasema mwenye kisukari asipunguze chakula. Kinyume chake. Mwaka 2017 nchini Uingereza yalitoka matokeo ya jaribio lililoitwa DiRECT, la watu wenye kisukari aina ya 2 kisichozidi miaka sita. Walipewa lishe kali, kama kilokalori 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao hawakuwa tena na kisukari kinachopimika, bila dawa yoyote ya kisukari. Habari hiyo imesambaa sana kwenye simu, na ni ya kweli. Kipande kinachoachwa ni hiki: siku ya kwanza kabisa, kabla ya kijiko cha kwanza, dawa zao za kisukari na za presha zilisimamishwa na watu wa afya waliokuwa wakiwafuatilia. Sahani na kidonge viliguswa pamoja, siku moja, na mtu anayejua hesabu. Mwalimu alifanya nusu ya jaribio lile. Nusu aliyoiacha ndiyo iliyomtupa mtaroni.

Sitachosha msomaji na habari za kupona. Glibenklamaidi iliondolewa, metformini ikabaki. Akarudi kliniki na foleni yake, akagundua foleni ina watu anaowafahamu, wawili wao walimu. Ugali ukarudi, kipande cha ukubwa wa ngumi, mboga ikawa ndiyo nusu ya sahani, maharagwe au ndengu karibu kila siku. Mkewe ndiye aliyeleta mabadiliko ambayo naamini yalizidi yote: lita ya mafuta ya kupikia iliyokuwa ikiisha kwa juma sasa inakaa majuma matatu, na hakuna mtoto aliyelalamika. Baiskeli ilipona kabla ya magoti. Kilo zikawa zinashuka moja kwa mwezi, mwezi mwingine hazishuki kabisa, akakasirika, akaendelea. Sukari yake, presha yake, usingizi wake, hivyo vilibadilika mapema kuliko mizani, na hapo ndipo baiskeli inapolipa mshahara wake. Desemba wakwe walipokuja, suti ilifunga kwa kuomba radhi. Jino la pembeni halikuwepo. Alipoulizwa na mzee mmoja wa upande wa pili, alisema aliangushwa na njaa, mzee akacheka akidhani ni mzaha.

Februari iliyofuata tulipita kibandani kwa Mama Chai tukitoka Egerton. Mimi nami nimenunua baiskeli, lakini hayo ni mambo mengine. Kibanda kilikuwa kimejaa, siku ya soko. Mfukoni mwa koti lake niliona paketi ndogo ya glukosi, ingawa dawa anayotumia sasa haimlazimishi. Mama akauliza kwa mbali, kwa sauti yake ile ya kuvuka barabara, "Mwalimu, ni ile ya kawaida?"

"Chai bila sukari, mama. Na chapati moja." Akangoja kelele zipungue kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma: "Nina kisukari."

Kijiko kimoja kiliacha kukoroga. Mama Chai akasema haya, akamimina. Tulikuwa tumefika nusu ya kikombe wakati dereva wa lori aliyekaa meza ya pili, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, alipovuta kiti chake karibu nasi, akatazama kama kuna anayemsikiliza, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, wewe wanakupatia zile nyeupe, ama hizi nyingine?"

Na akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.